Korona ya mkonge ikisimama, tija inasimama nayo

Wanaoamini nchi maskini zitazifikia tajiri wana hoja nzito. Aliye nyuma hana haja ya kubuni, ananunua mashine ambayo wenzake wameshaihangaikia. Tena mtaji huzaa zaidi pale ulipokuwa haba. Mchumi Robert Solow aliliweka hilo kwenye hesabu mwaka 1956. Sawa. Lakini mkonge wa Tanga una mashine tangu enzi za Wajerumani na bado hatujazifikia nchi tajiri, kwa hiyo tuangalie mambo yanakwamia wapi.

Jani la mkonge hutoa singa, yaani nyuzi zake, kama asilimia 4 tu ya uzito wake. Tani moja ya singa inadai tani 25 za majani, zikatwe, zifungwe, zifike kiwandani zikiwa mbichi. Yakilala juani siku mbili tatu, utomvu hukauka, nyama inang'ang'ania nyuzi na daraja linashuka. Korona, mashine ya kutenganisha nyuzi na nyama ya jani, ni gurudumu lenye visu butu vinavyoponda jani huku maji yakisafisha. Nafasi kati ya visu na bamba ikiwa pana, nyama inabaki. Ikiwa finyu, nyuzi zinakatika na kwenda na takataka.

Tuseme zamu mbili zinajumlisha saa 16, halafu korona inasimama saa 6: trekta limekwama njiani, umeme umekatika, pampu haivuti. Zaidi ya theluthi ya kazi imekwenda, watu ni walewale na mishahara ileile. Tija, yaani kinachozalishwa kwa kila saa ya kazi, imeporomoka na hakuna aliyekuwa mvivu. Ndiyo maana ukinitajia idadi ya mashine, nitakuuliza zinazunguka saa ngapi.

Bei nayo ina lake. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani kama 230,000 za singa; mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama 20,000. Utaifishaji wa 1967 hulaumiwa sana, lakini kamba za plastiki zilishusha bei dunia nzima. Mkataji anaweza kuongeza kilo kwa saa na bado thamani ya saa yake ikashuka.

Viwandani mambo ni tofauti. Mwaka 2013 mchumi Dani Rodrik alionyesha kwamba tija ya viwanda rasmi vya nchi maskini huikaribia ya nchi tajiri, sera iwe yoyote. Tatizo ni kwamba walioajiriwa humo ni wachache; wengi wako shambani, au wamepanga nyanya Ngamiani, mjini Tanga.

Sasa muda. Ukiwa na tija ya 1/16 ya mwenzako, na uwiano huo ukakua asilimia 2 kwa mwaka, unaongezeka maradufu kila miaka 35. Unahitaji maradufu nne, yaani miaka 140. Kwa asilimia 4 ni kama miaka 70. Ukirudi nyuma kwa kasi hiyohiyo miaka 10, unafuta miaka 10 ya jasho.

Na kurudi nyuma hakuonekani mapema. Mkonge huchukua kama miaka 3 kabla ya mkato wa kwanza, kwa hiyo shamba lisilopandwa leo litaonekana kwenye tani za wakati huo, sio za mwaka huu.