Kontena la gumzo, nyumbani Tudor

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikipata msaada wa kazi yangu katika vyumba vya gumzo vya IRC, na kila ninapolitaja jambo hili hapa Mombasa huulizwa kwa nini situmii WhatsApp kama watu wengine. Sababu ni kwamba wale walioziandika programu ninazozitumia hawako WhatsApp. IRC ni mfumo mkongwe, uliobuniwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, mwaka 1988, na miradi mingi ya programu huria ingali na vyumba vyake katika mtandao wa Libera.Chat, ulioanzishwa mwaka 2021.

Tatizo la IRC ni kwamba seva yake haikuwekei ujumbe. Ni kama baraza za Mji wa Kale: ukiinuka kwenda kuswali, mazungumzo yanaendelea, nawe ukirudi hapana atakayekuanzia mwanzo. Nilikuwa nikiuliza swali saa nne asubuhi, kisha mtandao wa simu ukakatika nikiwa kwenye feri ya Likoni, nami nikawa nimetoka chumbani bila kupenda. Jibu likija saa tisa usiku, wakati mtu wa Marekani ametoka kazini, mimi sipo wa kulipokea.

Dawa niliyoipata ni The Lounge. Hii ni programu ya gumzo inayokaa kwenye seva yako mwenyewe na kufunguliwa kwa kivinjari chochote, iwe cha simu au cha kompyuta. Wewe unapofunga ukurasa na kwenda zako, yenyewe hubaki imeunganishwa na IRC usiku na mchana, na ukirudi unakuta yote yaliyosemwa. Sharti ni kuiendesha katika hali ya faragha, ambapo faili la mipangilio lina mstari `public: false` na kila mtu ana akaunti na nywila yake; katika hali ya wazi hakuna akaunti, na anayefunga ukurasa huwa ameondoka.

Niliiweka ndani ya kontena la Docker katika kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 iliyokuwa imelala kabatini. Mtu wa Mombasa akisikia kontena huwaza Kilindini, na hakosei sana, kwa kuwa jina limetoka huko: programu hufungwa pamoja na kila inachokihitaji, ili isilazimu kusakinisha Node.js (mazingira yanayoiendesha programu hii) ya toleo fulani kwenye mashine na kuanza kugombana nayo. Unaivuta imeji, yaani kifurushi kilicho tayari, unaifungulia poti 9000, yaani mlango wake wa mtandao, na kazi imekwisha. Kwangu mimi ilikwisha kwa dakika kumi, na wepesi huo ndio ulionipumbaza.

The Lounge huweka kila kitu chake, yaani mipangilio, akaunti na kumbukumbu za mazungumzo, katika folda `/var/opt/thelounge` iliyo ndani ya kontena. Mimi sikuifunganisha folda hiyo na folda yoyote ya mashine yangu. Miezi miwili baadaye lilitoka toleo jipya, nikaliondoa kontena la zamani na kuanzisha jipya, nikakuta programu haina akaunti hata moja. Data yenyewe ilikuwa haijapotea bado; Docker ilikuwa imeiweka katika hifadhi isiyo na jina, na kontena jipya lilikuwa limepewa hifadhi nyingine, tupu. Laiti ningetulia, ningeipata. Badala yake, nikidhani kadi ya kumbukumbu ya Raspberry Pi imejaa takataka, niliamuru hifadhi zote zisizotumika zifutwe. Ni sawa na wakala aliyerudisha kontena bandarini kabla ya kushusha mzigo, kisha akaandika barua mwenyewe kuomba lisafishwe.

Mara ya pili niliandika faili la Compose, linaloiambia Docker jinsi ya kuliwasha kontena, nikaifunganisha folda hiyo na `/srv/lounge` ya mashine. Kontena likakataa kuwaka. Programu iliyo ndani huendeshwa na mtumiaji `node`, mwenye namba 1000, ilhali folda niliyoiunda ilikuwa mali ya `root`, msimamizi mkuu wa mashine, kwa hiyo haikuweza kuandika humo. Amri moja ya kubadilisha mwenye folda, `chown -R 1000:1000`, ilitosha, lakini iligharimu jioni nzima kuifikia, maana nilikuwa nikisoma kila kitu isipokuwa ujumbe wa kosa wenyewe. Akaunti nayo huundwa kutoka nje, kwa `docker exec --user node -it lounge thelounge add` na jina la mtumiaji.

Kisha kuna mambo ya nyumba. Ijumaa moja gumzo lilikatika saa tano na nusu, nikamkuta mdogo wangu amechomoa plagi ya mashine na kuchomeka pasi, kanzu imetandazwa mezani.

"Kaka, dakika tano tu, nakimbilia msikitini."

Sikuwa na la kusema. Mashine iliporudishiwa umeme iliwaka, na kontena likaamka lenyewe, kwa kuwa nilikuwa nimeandika `restart: unless-stopped`. Hata hivyo kumbukumbu za mazungumzo hukaa katika hifadhidata ya SQLite, na kadi ya kumbukumbu inayokatiwa umeme katikati ya kuandika haina maisha marefu.

Lililonishinda nyumbani, hata hivyo, halikuwa pasi bali anwani. Mtoa huduma wangu wa intaneti huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, kwa hiyo mtu aliye nje hawezi kuifikia mashine yangu moja kwa moja, nami nikiwa Likoni ni mtu wa nje. Nyaya za intaneti za baharini, TEAMS na SEACOM, zimetia nanga hapa hapa Mombasa tangu mwaka 2009, na bado nyumba yangu haikuwa na mlango. Nikakodi seva ndogo yenye anwani yake ya umma.

Hapo kuna mtego unaostahili kutajwa. Docker hujiandikia kanuni zake katika iptables, orodha ya Linux ya nani aingie na nani azuiwe, kwa hiyo poti uliyoifungua kwa kontena hufikiwa na dunia nzima hata kama umeifunga kwa ufw, programu ya ukuta wa moto. Niliandika `127.0.0.1:9000:9000` ili poti isikilize ndani ya seva tu, nikaweka mbele yake nginx, programu inayowapokea wageni na kuwapitisha ndani, pamoja na cheti cha usalama cha Let's Encrypt. Katika nginx ni lazima kupitisha vichwa vya Upgrade na Connection kwa ajili ya WebSocket, njia inayoacha kivinjari na seva zikiwasiliana bila kukatika, na katika mipangilio ya The Lounge kuandika `reverseProxy: true`, la sivyo kila mgeni huonekana ametoka kwenye anwani ya nginx.

Kuhama kwenyewe kulikuwa kunakili folda moja. Nililisimamisha kontena nyumbani, nikaipeleka `/srv/lounge` kwa `rsync`, programu ya kunakili mafaili kati ya mashine, pamoja na faili la Compose, nikarudia ile `chown`, nikawasha. Nilipofungua kivinjari, mazungumzo yote yalikuwapo, pamoja na swali nililoliuliza asubuhi hiyo, ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu. Raspberry Pi imerudi kabatini, na soketi sasa ni ya pasi.