Walioondoka Bila Kuondoka

Mwaka 2018 nilikuwa karani wa idara ya wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area, Nairobi. Mkurugenzi alitaka dashibodi ya kuonyesha kwenye mkutano wa bodi: chati ya walioajiriwa kila mwezi, na nyingine ya walioondoka. Msimamizi wangu alikuwa na jibu la chati ya pili kabla sijafungua faili. "Vijana wa siku hizi hawatulii kazini," alisema, na wengi ofisini wakaafiki.

Nilianza na tarehe. Orodha zilikuwa zimeandikwa na makarani mbalimbali, kwa hiyo 03/04/2017 kwa mmoja ni tarehe 3 Aprili na kwa mwingine ni 4 Machi. Tarehe nyingine Excel ilizisoma kama maneno, na maneno hayapangiki kwa miezi. Nilizinyoosha moja moja. Kisha nikaunda jedwali la miezi pekee, ili mwezi usio na mwajiriwa mpya uonekane sufuri badala ya kutoweka kwenye chati. Hesabu yenyewe ni nyepesi: idadi ya walioondoka unaigawa kwa wastani wa wafanyakazi waliokuwapo mwanzo na mwisho wa kipindi, mara 100.

Matokeo yalinishtua. Kila baada ya miezi michache kundi zima lilitoka, na wiki iliyofuata kundi la ukubwa uleule likaajiriwa. Watu hawaachi kazi kwa kupangana namna hiyo.

Namba za kazi za waliotoka na za walioingia zilikuwa tofauti. Majina nayo hayakusaidia, maana karani mmoja alianza na jina la ubatizo, mwingine na la ukoo. Nikaunganisha orodha kwa namba ya kitambulisho cha taifa, na hapo watu walewale wakajitokeza tena na tena. Nilishuka masjala, kwa mzee aliyetunza mafaili, na karatasi mkononi.

"Mzee, huyu mama alikosa nini hata akatolewa mara zote hizi?"

Alitazama jina tu. "Binti yangu, huyu hajatoka hapa tangu aingie. Kinachotoka ni karatasi yake."

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo yenye malipo, angalau siku 21 za kazi, kwa kila miezi 12 mfululizo ya utumishi. Mkataba ukikatwa na kuanzishwa upya, kwenye karatasi hiyo miezi 12 haifiki. Nilikaa na jambo hilo jioni nzima. Mama huyo na wenzake nilikuwa nikiwaona asubuhi wakitembea kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru, na sasa chati yangu ilikuwa karibu kuwaita watu wasiotulia.

Nikaongeza safu ya sababu: aliacha mwenyewe, alifutwa, alistaafu, alifariki, mkataba uliisha akarudishwa. Hiyo ya mwisho niliipa rangi yake. Msimamizi aliniambia niziunganishe zote kwa kuwa bodi haina muda. Nilimwambia kwa heshima kwamba nikiziunganisha chati itasema uongo, na mimi siwezi kuisimamia.

Mbele ya bodi, rangi ile ilifunika karibu kila nguzo. Waliokuwa wameacha kazi kwa hiari yao walikuwa wachache mno.

"Na hawa," mkurugenzi akauliza, "wako wapi sasa?"

"Wako chini, kwenye mashine," nikamjibu.

Akaomba majina yao. Mzee wa masjala alikuwa tayari ameyatoa mafaili.