Usiku Nilioishi Bila A

Ilianza na neno "maji". Nilikuwa natafsiri sura ya kitabu cha jiografia kuhusu milima ya Andes, kazi iliyotakiwa kumfikia mhariri kesho yake asubuhi. Nikainua macho kwenye skrini, nikakuta nimeandika kwamba mito hiyo hubeba mji mwingi wakati wa mvua. Nikafuta, nikaandika upya: mji. Mara ya tatu nikabonyeza kwa hasira. A ikatokea moja, ikanyamaza.

Nikafanya anachofanya kila mtu, nikazima kompyuta na kuiwasha. Nywila yangu ina a mbili. Nikawa nimejifungia nje ya nyumba yangu mwenyewe, nikiwa na ufunguo uliokatika. Zikapita dakika kadhaa za kuhaha kabla sijaona kile kialama kidogo pembeni mwa skrini, kilichowekewa watu ambao kibodi ya kawaida huwawia vigumu. Ukikibofya unaletewa kibodi ya kuchora. Nikaingia kwa kudonoa herufi moja moja kwa kipanya.

A ya kuchora ilifanya kazi bila shida, nami nikajua ugonjwa hauko kwenye programu. Nikajaribu kuichagua kazi yote kwa Ctrl na A, wapi. Nikajaribu A kubwa, wapi. Majirani zake, yaani q, w, s na z, walikuwa wazima, na hilo lilinipa moyo. Chini ya kibodi vitufe huunganishwa kwa gridi, safu za mlalo na za wima, kwa hiyo njia moja ya umeme ikikatika huondoka na vitufe kadhaa. Changu kilikuwa kimekufa peke yake.

Mwenye akili, hapo, angebonyeza A polepole, kisha S, akasikiliza vidole vyake. Mimi nikazama kwenye mipangilio. Nikabadili lugha ya kibodi na kuirudisha. Nikaondoa kiendeshi chake na kukisakinisha tena. Nikaenda hata kukagua ile huduma inayochuja mibonyezo, ambayo huweza kujiwasha ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8, ilhali nilijua fika kwamba hiyo ikiwaka hutaabisha kibodi nzima. Saa nzima ikateketea. Sijui kwa nini tukiwa na hofu huwa tunakwenda kutafuta mbali.

Nikaona heri nimjulishe mhariri. Kibodi ya skrini nilikuwa nimeshaifunga kwa sababu ilifunika nusu ya kazi, na ukaidi ulishanipanda. Mhariri ni mtu mzima, mama ninayemwamkia shikamoo. Shikamoo ina a. Mama ina mbili. Salamu pekee iliyobaki mikononi mwangu ilikuwa "vipi", na hiyo simpelekei yeye hata iweje. Nikatuma: "Siwezi. Kibodi mbovu."

Akajibu papo hapo: "Huwezi nini, mwanangu? Na siku hizi huamkii?"

Nikaandika: "Sijui."

Nilipoona nilichotuma nikacheka peke yangu, kicheko cha mtu aliyechoka. Maana nilikuwa nimeanza kuona Kiswahili kinavyogeuka ukikinyang'anya herufi hii. Na, wa, ya, la, kwa, viungio vyote hivyo vinakwenda. Kula, kulala, kusoma, kucheka, vitenzi vyetu vya Kibantu vyote huishia kwa a. Vinavyobaki hai ni vya asili ya Kiarabu: nilifikiri, nilirudi, nilisubiri, nilijibu. Lakini kilichonifurahisha zaidi ni ukanushi. "Naweza" haiandikiki, "siwezi" inaandikika. "Naona" hakuna, "sioni" ipo. Sijui, sielewi, sipendi, sitoki. Bila a, nilikuwa na uhuru kamili wa kukataa kila kitu.

Katika kuchezea maneno hayo ndipo nikapata njia. Kiswahili hakina q wala x. Na q imekaa juu kidogo tu ya a, chini ya kidole kilekile cha mwisho cha mkono wa kushoto. Nikaanza kuandika q kila palipotakiwa a: "mqji yq mito hii hutokq juu mlimqni". Ukurasa wa kwanza ulinitia kizunguzungu. Kufikia wa tatu kidole kilishazoea, nikawa naisoma q kama a bila kufikiri. Nilipomaliza, alfajiri, nikafungua dirisha la kutafuta na kubadilisha, nikanakili a moja kutoka kwenye kurasa za mchana kwa kipanya, nikaibandika, nikaamuru q zote ziwe a. Kisha Q kubwa ziwe A kubwa. Kazi nzima ikarudi kuwa Kiswahili mara moja, kama mtu aliyefunguliwa kitambaa usoni. Nikaituma, safari hii nikiwa nimebandika shikamoo kamili, nikalala.

Nilipoamka, nikiwa sina tena cha kupoteza, nikabonyeza A taratibu. Ilishuka nusu, ikagota. S ilishuka mpaka chini. Tofauti hiyo ningeihisi usiku ule kwa sekunde mbili.

Nikazima kompyuta, nikakibanua kitufe kwa ukingo wa kadi ya plastiki. Kikatoka kwa mlio mdogo ulionishtua moyo. Chini yake kuna fremu mbili ndogo zilizopishana kama mkasi, na katikati yake kikombe cha mpira kinachokisukuma kitufe kirudi juu. Pembeni mwa kikombe, chini ya mkasi, palikuwa na kidonge cheusi kama kupe: vumbi la raba. Zile raba nilizokuwa nikifutia penseli nikisahihisha nakala zilizochapishwa, karatasi nikiwa nimezilaza juu ya kibodi, kwa miezi. Nikakitoa kwa kibanio, nikapangusa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, nikasubiri ikauke. Nikawasha, nikakibonyeza kikombe kitupu kwa ncha ya kidole. aaaaaa. Katika kukirudisha kitufe nilivunja kindoano kimoja cha mkasi, kwa hiyo A yangu imeinama upande hadi leo, ila inaitika.

Jibu la mhariri lilikuwa limeshaingia. Kazi ameipenda, ameniombea baraka, ana swali moja tu. Ukurasa wa kumi na moja nimeutaja mji mkuu wa Ekuado, ulio mita 2,850 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Ameutafuta kwenye ramani zake zote, huo mji wa Auito, hauoni.