Siku Moja Maishani Mwangu: Riwaya Asubuhi, Tawasifu Jioni

Saa kumi na moja alfajiri, baada ya swala, nafungua *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota, hapa Dar es Salaam, mwaka 2022. Naisoma kwa mara ya pili. Mara ya kwanza sikushika kalamu, kwa kuwa mhakiki anayepiga mistari tangu ukurasa wa kwanza huishia kutafuta hoja zake badala ya kuisikiliza hadithi.

Hadi saa mbili asubuhi bado niko kwenye sura ya kwanza, toleo la Kiingereza la mwaka 1994 likiwa pembeni, na kilichonishika ni jina moja la udugu. Yusuf, mtoto wa miaka 12, anachukuliwa na mfanyabiashara Aziz, ambaye Yusuf amezoea kumwita kama nduguye mzazi wake. Ni Khalil, kijana anayefanya kazi katika duka la Aziz, anayekuja kumfumbua macho kwamba hakuna udugu wowote, bali amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Kiingereza kina neno moja, "uncle", kwa ndugu wa baba, ndugu wa mama na hata mgeni wa heshima. Sisi hatuna njia hiyo ya mkato: ami ni damu ya baba, naye akimchukua mtoto, jirani haulizi; mjomba ana haki nyingine na utani mwingine kabisa. Kwa hiyo mfasiri analazimika kuamua uongo ule uvae sura gani, na naamini kwamba katika Kiswahili unauma zaidi, maana neno lenyewe lilikuwa ahadi.

Kuanzia saa tatu hadi saa tisa niko kazini, nasahihisha prufu za vitabu vya shule.

Saa kumi jioni nahamia kwenye *Mbali na Nyumbani*, tawasifu ya Adam Shafi ya mwaka 2013. Hapa nabadilisha namna ya kusoma. Siwezi kumhukumu mtu kwa maisha aliyoyaishi, lakini naweza kufuatilia jinsi "mimi" wa ujanani, anayeondoka Zanzibar akiwa na hamu ya dunia, anavyosimuliwa na "mimi" mtu mzima, nikiweka alama kila mahali ambapo mzee anamwachia kijana aseme mwenyewe.

Saa mbili usiku naandika. Maneno mia nane yanapokamilika, nalinganisha kila dondoo na kitabu, herufi kwa herufi. Niliwahi kudondosha neno "si" katika sentensi ya mwandishi, ikachapishwa ikisema kinyume cha alichoandika, na aibu ile sijaisahau.

Saa nne na nusu namtumia mhariri uhakiki wa *Peponi*. Aya ya udugu ndiyo ndefu kuliko zote, nami nimemwomba asiipunguze.