Ganda la chungwa kwenye boneti

Boneti ya Corolla niliyoipulizia rangi ilitoka na vinundu kama ganda la chungwa. Lawama zote niliitupia bunduki ya rangi, kwa sababu ni ya bei ndogo. Kumbe tatizo ni upepo! Nilifunga geji ya presha kwenye mpini wa bunduki: kompresa inasoma bar 3 (bar ni kipimo cha presha), lakini nikibonyeza tu, mkononi inashuka hadi 1.5, rangi inatoka matone manene. Mpira wa kupitisha upepo ulikuwa mwembamba na mrefu mno. Nikaweka wa milimita 10, nikaseti bar 2 huku nimebonyeza, thina nikaongeza kidogo.

Nilipopiga milango, kliya (tabaka la juu la kung'arisha, lisilo na rangi) ilijilaza yenyewe. Taa ya gereji ikaonekana humo mstari ulionyooka kabisa. Boneti niliiokoa kwa msasa wa maji, namba 1500 kisha 2000, na polishi.