Mima Mounds: mara ya kwanza niliona nyasi, mara ya pili ndipo nikaona matuta

Mima Mounds ni hifadhi ya matuta ya udongo karibu na Littlerock, kijiji cha jimbo la Washington, Marekani. Tuanze na jina. Linaandikwa Mima, nasi kwa macho yetu ya Kiswahili tunalisoma kama lilivyo. Ukimwuliza hivyo mwenyeji wa Littlerock, atakutumbulia macho. Sema "Maima" na atakuelekeza huku akitabasamu.

Ushauri mbovu nilipewa na watu watatu tofauti, wa kwanza akiwa shemeji yangu: "Nenda Agosti, mchana kweupe, maana jimbo la Washington mvua haikatiki miezi mingine." Kuhusu mvua alisema kweli. Kuhusu matuta aliniponza. Nilifika Agosti, saa saba na robo mchana, anga bila wingu, nikapiga picha zaidi ya mia moja. Nyumbani nikazifungua kwenye kompyuta: nyasi kavu rangi ya unga wa dona, bapa kama chapati, mwanzo wa picha hadi mwisho. Mama mdogo aliyezipokea kwenye simu aliuliza kama nimenunua shamba.

Na si kwamba matuta hayapo. Yapo maelfu, yamepangana uwanda mzima kama mtu aliyelima viazi vitamu kwa jembe la jitu. Kila moja ni mviringo kama bakuli lililofunikwa, makubwa yakifika mita 2 kwenda juu na mita 12 kwa upana. Hifadhi yenyewe ina ekari zaidi ya 600, inasimamiwa na idara ya maliasili ya jimbo, na tangu 1966 imo katika orodha ya alama za asili za taifa la Marekani. Tatizo lilikuwa jua, na hesabu yake ni nyepesi kuliko ya kununua bati.

Chukua tuta la mita 2 kwenda juu na mita 12 upana. Kutoka ukingoni hadi katikati ni mita 6. Kupanda mita 2 ndani ya mita 6 ni mteremko wa nyuzi 18 hivi. Jua likiwa juu zaidi ya hapo, linaangaza ubavu wa mbele na wa nyuma pia, hakuna kivuli, na jicho la kamera halina cha kushika. Katikati ya Agosti, saa ile niliyokwenda mimi, jua liko nyuzi 57 juu. Ningepiga picha elfu moja, zote zingetoka chapati.

Mara ya pili nilikwenda wiki ya mwisho ya Aprili, na saa nilipima kwa ngumi. Nyosha mkono mbele kabisa, kunja ngumi, uiweke juu ya mstari wa upeo: ngumi moja ya mkono ulionyooka ni takriban nyuzi 10. Ngumi mbili zikitosha kati ya upeo na jua, anza kazi. Ikibaki ngumi moja, misonobari iliyo upande wa magharibi inaanza kulimeza. Jua lenyewe usilikodolee. Likinge kwa ngumi ya juu. Kwa latitudo ile jua hushuka karibu ngumi moja kwa saa, kwa hiyo una kama saa nzima ya kufanya kazi. Mwisho wa Aprili saa hiyo ni kuanzia saa kumi na mbili na kidogo jioni hadi saa moja na robo. Jua lenyewe huzama baada ya saa mbili usiku, na aliyetoka Tanga ataona jambo hilo geni kuliko matuta. Desemba jua halifiki ngumi mbili na nusu hata adhuhuri, kwa hiyo siku yoyote isiyo na mawingu inafaa kutwa nzima. Siku hiyo ukiipata, cheza bahati nasibu pia.

Jua uliweke ubavuni. Tumezoea kufundishwa tupige picha jua likiwa mgongoni, na hapa ndipo wengi wanapoharibu mara ya pili: jua likiwa nyuma yako, kila kivuli kinajificha nyuma ya tuta lake. Jioni jua liko magharibi, basi elekeza kamera kaskazini au kusini. Kila tuta litakuwa na shavu la mwanga na shavu la giza, na uwanda mzima utainuka.

Pahala pa kusimama ni juu ya jengo la maelezo, ambalo lenyewe limejengwa mviringo kama tuta na lina ngazi za kupanda juu ya paa. Hapo unapata kimo cha kuona safu nyuma ya safu. Ukiwa chini, kati ya matuta, unaona mawili matatu tu yanayokuzunguka, na unaweza kudhani hayo ndiyo yote.

Njia ya kufika: barabara kuu ya I-5, utoke kwenye mchepuko namba 95. Namba hizo ni za maili, na Olympia, mji mkuu wa jimbo, ni 105, kwa hiyo ni kilomita 16 kusini mwa Olympia. Elekea magharibi kilomita 5 hadi Littlerock, pita moja kwa moja, barabara inageuka kuwa 128th Avenue. Baada ya kilomita 1.3 inaishia kwenye njia panda. Kata kulia Waddell Creek Road, kilomita nyingine 1.3, lango liko kushoto. Mara ya kwanza nililipita kwa kuwa nilikuwa natazama kulia, nikitafuta matuta. Huyaoni kutoka barabarani, miti imeyaficha. Ukikaa Tacoma au Kent ni safari ya nusu siku, na bila gari sahau.

Pasi ya kuegesha inaitwa Discover Pass. Ya siku ni dola kumi na ushee, ya mwaka imekuwa ikipanda, lakini huandikwa namba za magari mawili, kwa hiyo mnaweza kugawana na jirani. Nunua kabla ya kutoka nyumbani, uiweke mbele ya kioo. Niliambiwa "hakuna mtu anayekagua pale porini". Faini ni karibu dola mia moja. Mbwa haruhusiwi hata kwa kamba, na baiskeli vilevile. Njia ya lami ni fupi, haifiki kilomita moja, na kiti cha magurudumu kinapita vizuri. Njia ya udongo inaendelea kuzunguka, zaidi ya kilomita 3 jumla, na Aprili ina matope. Usikanyage nje ya njia: matuta hayo yana mimea inayolindwa, na nyayo zinabaki.

Sasa swali ambalo kila mgeni huuliza akiwa juu ya lile paa: nani kayafanya? Mwaka 1841 msafara wa wanamaji wa Marekani chini ya Charles Wilkes ulipita hapa. Wilkes alidhani ni makaburi, akaagiza yachimbwe. Walikuta udongo na mawe tu. Hakuna mfupa, hakuna chungu. Tangu hapo ni ubishi.

Jambo wanalokubaliana ni sakafu. Barafu kubwa iliyoshuka kutoka Kanada ilianza kurudi nyuma karibu miaka 16,000 iliyopita, na maji yake yalitandaza changarawe iliyoshindiliwa. Matuta yamekaa juu ya changarawe hiyo, yenyewe yakiwa ni udongo mweusi, laini, uliochanganyika na vijiwe. Wengine wanasema maji ya barafu yalijaza mashimo ya barafu kwa udongo. Wengine wanasema upepo ulirundika vumbi kwenye vichaka. Mwaka 1990 mjiolojia Andrew Berg alileta wazo la tetemeko la ardhi: alikuwa akigongelea misumari kwenye plaiwudi iliyokuwa na vumbi la volkeno, akitengeneza kibanda cha mbwa, akaona vumbi linajikusanya vijilima vijilima. Hili nimelijaribu jikoni kwa plaiwudi, unga wa ngano na nyundo. Vijilima vinatokea kweli, sehemu ambazo ubao hautikisiki sana. Unga nao unatokea kwenye pazia, kwenye jiko na kwenye nywele, kwa hiyo fanyia nje.

Mimi niko upande wa fuko, na hapa najivunia kidogo maana sisi ndio tunaomjua. Wataalamu wa wanyama Dalquest na Scheffer waliliandika wazo hilo mwaka 1942: kwamba wachimbaji walikuwa panya wa mashimoni wa huko, wadogo, wenye mifuko mashavuni. Inafanyika hivi. Mahali ambapo udongo ni wa kina kidogo juu ya changarawe ngumu, mnyama hawezi kwenda chini. Anaweka kiota pale penye udongo mwingi kidogo, pakavu, kisha anachimba kwenda nje. Udongo anausukuma nyuma yake, yaani kuelekea kiota. Kila kizazi kinarithi kiota hicho kwa sababu ndicho kikavu. Mwaka 2013 Emmanuel Gabet na wenzake waliiendesha hesabu hiyo kwenye kompyuta, wakapata matuta ya kimo kamili ndani ya miaka 500 hadi 700. Na mwaka 1983 George Cox na Christopher Gakahu walikuwa wameshaandika kuhusu matuta ya aina hiyohiyo kwenye nyanda za juu za Kenya, ambako mchimbaji ni fuko wetu, yule anayekula viazi vya bibi na kunaswa kwa kijiti kilichopindwa na kamba.

Shemeji hakubali. Anasema hakuna aliyewahi kumwona panya akijenga tuta la mita mbili tangu mwanzo hadi mwisho, na hapo hana kosa.

Nikataka kujua kimo cha matuta kwa kipimo changu mwenyewe bila kutoka njiani. Mafundi wetu wa nyumba hupima usawa kwa mpira mwembamba uliojaa maji, lakini huo unahitaji mtu asimame kileleni, na hairuhusiwi. Nikatumia chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile ndefu, imejazwa nusu na kulazwa. Uso wa maji ndani yake ni pima maji tosha. Nyumbani nilisimama na viatu nilivyokusudia kuvaa, nikapima kutoka sakafuni hadi jichoni: mita 1.58. Pale hifadhini unasimama njiani, kwenye kitako cha tuta, unalaza chupa mbele ya jicho, unatazama kufuata uso wa maji kuelekea tuta. Mstari ukigusa kilele, tuta ni mita 1.58. Ukipita juu yake, chuchumaa polepole hadi uguse, kisha mwenzako apime kutoka ardhini hadi jichoni pako kwa tepu.

Nilianza na chupa ya nusu lita, nikapata majibu matatu tofauti kwa tuta moja. Sababu ni urefu wake. Ukikosea milimita 2 kati ya ncha mbili za chupa ya sentimita 15, kwa umbali wa mita 6 hadi kileleni kosa linakuwa sentimita 8. Kwa chupa ya sentimita 30 ni sentimita 4. Tikisa chupa uondoe mapovu, subiri maji yatulie, pima mara tatu. Angalia pia unaposimama: sehemu nyingine njia imeinuliwa kwa kokoto, na tuta litaonekana fupi kuliko lilivyo.

Ukiwahi mwisho wa Aprili au Mei, uwanda utakuwa na maua ya buluu, camas. Wenyeji wa asili wa bonde hili walichimba vitunguu vyake, wakavipika kwenye mashimo ya mawe ya moto, na ndio waliochoma uwanda mara kwa mara ili misonobari isiuvamie. Idara nayo sasa huchoma vipande kwa mpango, kwa hiyo ukikuta sehemu nyeusi usipige simu ya zimamoto. Kuchimba chochote ni marufuku, na bora iwe hivyo, kwani katikati ya camas kuna mmea unaofanana nayo, wenye maua meupe kidogo ya malai, ambao ni sumu, na maua yakishadondoka vitunguu vyao havitofautiani kwa jicho la mgeni.

Nilipima matuta tisa kabla jua halijaingia kwenye miti. Saba yalikuwa kati ya mita 1.2 na 1.6. Moja lilikuwa mita moja kasoro. La tisa, karibu na mzunguko wa njia ya udongo, mstari wa maji uligonga ubavuni, tuta likaendelea juu ya kichwa changu. Nikaifunga simu kwenye kijiti cha selfi, nikawasha kipimo chake cha usawa, nikaiinua hadi kilele kikakaa katikati ya kioo, mwenzangu akashusha tepu hadi chini. Mita 2.05. Tepu ilikuwa ya kushonea nguo, mita moja na nusu, kwa hiyo zile sentimita 55 za mwisho tumepima kwa shubiri.