Nimeifungua vepu ya mpwa wangu

Sitaitengeneza hiyo sigara ya kielektroniki. Mpwa wangu ameshanuna, mama yake ameshanipigia simu, na jibu ni lilelile. Mimi ni fundi simu, na kwa kijana huyu kila chenye betri ni kazi ya mjomba. Nilichokubali ni kuifungua mbele yake.

Ndani kuna betri ya lithiamu, saketi ndogo, halafu pamba iliyozungushiwa waya mwembamba kama uzi. Pamba inanyonya majimaji, waya unapata moto, yeye anavuta. Upande uliogusana na waya, pamba ilikuwa nyeusi tii, imegandiwa na kitu cha kunata chenye harufu ya peremende iliyoungua.

"Si mvuke tu, mjomba?"

Mvuke wa nini? Mle mna propilini glaikoli, gliserini, nikotini na ladha. Ndiyo, baadhi ya hivyo hutiwa kwenye vyakula, lakini tumbo si mapafu. Vikipata moto mkali huzaa kemikali zenye sumu, formaldihaidi na akrolini, na hiyo ya pili huwasha na kuumiza njia ya hewa. Waya nao huchangia: nikeli na kromiamu zimeshapimwa kwenye moshi wake.

Akajitetea kwamba haikwaruzi koo. Hapo ndipo naona tumechezewa. Vepu nyingi za sasa zina chumvi za nikotini, yaani nikotini iliyotiwa asidi makusudi ili ishuke laini. Kikohozi ambacho kingemkomesha mvutaji mgeni kimeondolewa, na ubongo wa kijana, ambao hukua hadi miaka 25 hivi, hunasa uraibu upesi. Mtu mzima aliyezama kwenye sigara za kawaida akihamia huko moja kwa moja, atakwepa lami ya moshi wa tumbaku na gesi ya sumu ya kaboni monoksaidi, hilo silibishi. Huyu hajawahi kuwasha sigara.

Nikamtajia ya Marekani ya mwaka 2019. Hadi Februari 2020, zaidi ya watu 2,800 walikuwa wamelazwa au kufa kwa mapafu kuharibika. Waliokufa ni 68. Wengi walivuta mafuta ya bangi yaliyochanganywa na vitamini E asetati, kitu kisicho na neno kikipakwa ngozini. Akasema yeye havuti bangi. Sawa, ila kichupa chake cha majimaji ya vepu hakina hata lebo.

Na kichupa hicho hukiacha mezani, penye mdogo wake anayetambaa. Nikotini ya majimaji ikimezwa na mtoto ni sumu, tena hii inanukia pipi. Hicho nimekichukua.